Maharage ya Bibi Adelgunda

Jumapili, 7 Septemba 2025

Kanisani leo tangazo la maana lilikuwa moja tu. Jumamosi kikundi cha mbegu kinakutana uani kwa Kemilembe, kila mtu na mbegu zake, tubadilishane kabla mvua haijashika. Kemilembe ndiye mwenyekiti. Akasimama akarudia sheria, maana wapo wanaojifanya wamesahau. Mbegu haiuzwi. Wala hushukuru siku unayopewa. Ikishaota shambani kwako ndipo unakwenda nyumbani kwa aliyekupa, unamshukuru, unakaa, unatafuna punje za kahawa yake.

Nilikuwa nasinzia. Hapo kwenye kukaa nikaamka kabisa.

Msimu uliopita jirani yangu Projest aligawa mbegu za maboga. Maboga! Kitu kinachojiotea chenyewe hata jalalani. Watu wakamiminika kwake wiki nzima na zaidi. Vicheko vyao vilipenya migombani vikanikuta nimeshika sufuria mapajani, nakula ndizi zangu peke yangu. Tangu mke wangu Benadeta afariki, mwaka wa pili huu, wanaoingia hapa ni kuku wa watu.

Mpango: nigawe mbegu kwa watu wengi kuliko Projest. Wote waje. Wakae. Wakawie kuondoka!

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefungua vyungu vya mbegu vya Benadeta. Vitupu! Nikawaza mwizi. Nikamtaja Projest kwa sauti. Kisha nikakumbuka Krismasi. Yale maharage madogo ya madoadoa niliyoyakuta jikoni, yakaiva haraka, nikayala siku tatu nikiyasifu. Ndiyo yaliyokuwa mbegu. Benadeta angekuwepo ningelala nje. Ningekubali kulala nje, mradi awepo.

Nimekwenda Nyaishozi senta, dukani kwa Ilyas. Nimeomba maharage ya bei ya chini kabisa. Akaingia nyuma ya maboksi ya sabuni, akatoka na kiroba chenye vumbi. Akauliza kama ni ya kuku. Nikasema ndiyo. Sikuona haja ya kuongeza maelezo.

Jumatano, 10 Septemba

Fukusi! Maharage yanatembea. Nimeyapepeta, nimeyaanika, fukusi wanazidi kunawiri. Nikatumia akili. Nikaweka kikaango jikoni, moto mdogo, nikayakoroga taratibu. Fukusi walitoka mbio, hata wavivu. Maharage yenyewe yakapata rangi nzuri ya kahawia. Nikayapaka mafuta ya kula kidogo, yakang'aa. Hata mimi ningeyatamani.

Sasa jina. Mbegu bila jina ni chakula tu. Nimeyaita Maharage ya Bibi Adelgunda. Bibi mzaa baba aliitwa hivyo kweli. Ila maharage hakuyapenda, yalimsumbua tumbo.

Maandalizi ya wageni: kahawa ya kutafuna nimechemsha na kuanika, kopo zima. Viti ninavyo viwili, na kimoja kinayumba. Nimekwenda kuazima benchi kwa Projest. Akauliza kama nina shughuli. Nikasema wageni. Akasema vizuri sana, Baba Jovin, akataka tulibebe wote. Nikakataa, asije akahesabu viti vyangu. Nimelibeba mwenyewe. Mgongo umekufa.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku yangu! Uani kwa Kemilembe walitandaza mikeka, mbegu za kila namna juu yake: mahindi, karanga, mchicha, njugumawe. Projest na maboga yake, kama kawaida. Zamu yangu ilipofika nikasimama. Nikaeleza jinsi Bibi Adelgunda alivyovuka mto na mbegu hizi zimefungwa kwenye upindo wa nguo yake, siku anaolewa. Nikaeleza alivyozificha mwaka wa njaa, watoto wakilia. Mackrine, mke wa Projest, akafuta machozi. Mimi mwenyewe nikafuta. Nilikuwa nimeanza kuamini.

Wote wamechukua. Projest naye alichota, akanusa, akanitazama. Akasema yananukia jikoni. Nikamweleza kwamba mbegu za kale ndivyo zinavyonukia.

Na wao wakanipa zao. Nikakataa zote! Karanga, hapana. Njugumawe, hapana. Kemilembe alikuja na kitambaa kimefungwa fundo, akasema hizi nimekuwekea wewe. Nikamwambia awape wenye shida. Mtu akichukua mbegu ndiye anayetakiwa kwenda kwa watu. Mimi sitaki kwenda. Nataka waje. Wengine hawajui kufikiri mbele.

Nimerudi mikono mitupu, kifua mbele.

Ijumaa, 19 Septemba

Mvua nzuri tangu Jumatatu. Nimefagia uwanja asubuhi na jioni. Nimepanga benchi lielekee njia.

Saa nne nilisikia hatua. Nikasema karibu waitu, jamaa zangu, karibu ndani! Mbuzi.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani wamenisalimia kwa upole uliopitiliza. Wote waliochukua maharage yangu wametazama viatu vyangu. Viatu havina kitu. Nimemuuliza Mackrine maharage yanaendeleaje. Akasema mvua ni nzuri. Nikauliza tena. Akasema kwa kweli mvua mwaka huu ni nzuri.

Mchana, hodi! Nikaruka, nikashika kopo la kahawa. Ni Projest. Amefuata benchi lake. Wageni wake wamejaa, wengine wamesimama, maboga yameota kwa kila mtu. Nikamwambia wageni wangu wako njiani. Akalitazama benchi, likiwa na vumbi lake la wiki nzima. Akasema basi nije nao, tukae wote kwake.

Nimelirudisha mwenyewe mpaka uani kwake. Wakapiga kelele Baba Jovin njoo, nafasi ipo, sogeeni mzee akae! Nikasema nimeacha chungu motoni. Sikuacha kitu motoni. Jikoni kwangu hata majivu yalikuwa yamepoa.

Nimetafuna kahawa ya wageni peke yangu. Moyo umekwenda mbio mpaka giza likaingia. Chungu sana kahawa hii ukiwa peke yako, sijui nimeikosea wapi.

Jumatano, 24 Septemba

Uchunguzi. Nimepita migombani nikaingia shamba la Projest, mchana, wakati yeye ametoka. Tuta la karanga, kijani. La mahindi, kijani. La maharage yangu lina kijiti kimechomekwa, na hakuna kitu kingine. Nikafukua kwa kidole. Harage lipo. Limevimba, limeoza, linanukia mchuzi.

Jibu ni moja: udongo wa Projest ni mbovu.

Nikiwa bado nimepiga magoti Mackrine akanikuta. Akaniamkia, shikamoo Baba Jovin. Marahaba. Akauliza nimepoteza nini. Nikasema kuku. Akauliza wa rangi gani. Sifugi kuku. Nikasema mwekundu.

Akaweka jembe chini akanisaidia kumtafuta. Tumezunguka shamba lote, kila kichaka. Njiani akanisimulia alivyokuwa akienda kisimani na Benadeta, na jinsi Benadeta alivyokuwa akiniigiza ninavyokoroma. Sikuwahi kujua! Tumecheka mpaka tukaegemea mgomba. Kusema kweli, mwezi huu sijapata mchana mzuri kama huo. Ilibidi niseme kuku labda amesharudi nyumbani. Niliumia kusema.

Jumamosi, 27 Septemba

Kemilembe kaja!

Nilimwona tangu njiani. Nikabadilisha shati, nikavaa kinyume, nikalivua, nikavaa tena. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, karibu, karibu. Nikampa kiti kizima, mimi nikakalia kinachoyumba. Nikamtolea kahawa. Akachukua punje moja, akatafuna, akanisifu. Nikamuuliza Bibi Adelgunda anaendeleaje.

Akasema bibi bado anafikiria kama aote. Kwa watu wote? Kwa watu wote, baba. Akasema watu wameona haya kuja, kwamba utaingiaje kwa mtu uliyepewa mbegu ya bibi yake nayo imekataa kuota mkononi mwako. Kila mmoja alidhani ni yeye kaiua. Akasema pia, bila kunitazama, kwamba marehemu Mama Jovin alikuwa akiweka mbegu zake kwenye majivu, mahali pakavu, mbali kabisa na moto na mafuta. Sikuelewa kwa nini ananieleza habari za moto.

Kisha akatoa kile kitambaa chenye fundo. Akakifungua. Maharage madogo ya madoadoa! Nikayajua kabla hajasema. Akasema Benadeta alimpa yeye, msimu wake wa mwisho, naye ameyapanda tangu hapo. Alitaka kunirudishia siku ile, nikakataa.

Nikafuta macho. Nikasingizia moshi. Moto haukuwepo.

Akasema nipande leo leo, ardhi bado ina maji. Yakiota, niende kwake kushukuru kama sheria inavyosema. Jumapili yoyote wanakuwepo, kikundi kizima kinakula pale baada ya ibada. Akasema kiti changu kipo, kilikuwepo siku zote, ila mimi sikuwahi kuchukua mbegu ya mtu.

Alipoondoka nimepanda tuta moja chini ya dirisha langu. Nimepanda polepole. Nimepiga magoti mahali pale pale Benadeta alipokuwa akipiga.

Jumapili, 5 Oktoba

Yameota! Yote! Yamejikunja shingo, yamebeba ngozi zao za madoadoa vichwani. Nimeyaamkia moja moja. Nimemwambia Benadeta tazama, mbegu zako zimerudi. Nikalia kidogo, kwa sauti, maana hakuna wa kunisikia.

Nikapiga pasi shati la kwenda kwa Kemilembe baada ya ibada. Nikapiga rangi viatu. Nikafika mlangoni, nikasimama. Akili ikaanza kazi.

Nikienda leo, nashukuru, nakula, narudi, basi imekwisha. Yasipoota je? Kemilembe atakuja tena. Safari hii hatakuja peke yake, atakuja na kikundi kizima kuchunguza kulikoni. Watakaa kutwa!

Nimeyafunika maharage kwa majani makavu ya migomba. Vizuri, yasionekane hata moja. Ibada sikwenda. Nimemsimamisha Niyomugabo wa bodaboda, nikamtuma akamwambie Kemilembe kwamba hakuna kilichoota, hali ni mbaya. Nimefagia uwanja. Kopo la kahawa liko wazi mezani. Mara mbili nimefunua majani, yapate hewa, tukaongea kidogo, nikafunika tena.

Saa saba Projest amepita na Mackrine, wamevaa vizuri, wametoka kanisani. Wanakwenda kwa Kemilembe. Projest akasimama njiani akaita. Akasema wamepika ndizi na samaki, watu wote wako pale, wananisubiri mimi tu, twende Baba Jovin. Mackrine akauliza yule kuku mwekundu alirudi? Akacheka. Nikatamani kucheka naye.

Nikamjibu Projest siwezi kutoka leo, nina wageni wanakuja. Nikamwomba aniazime tena lile benchi.