Mahindi Yaliyonichongea

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Macho yamenitoka pima tangu asubuhi. Mvua inanukia, shamba nimeshalitifua. Nikapanda kiti kuteremsha mahindi yangu ya mbegu juu ya moshi wa jiko. Ni ya kampuni haya, ya msimu uliopita. Manene, funza hakuyagusa. Nilichagua ishirini, nikayaning'iniza kama nilivyofanya miaka yote.

Akaingia mkaguzi wa kampuni. Mimi namwita Buti, maana buti zake za mvua hazijawahi kuonja tope. Akayatazama mahindi. Akaniambia, kwa adabu zote, kwamba hayo ni chakula, si mbegu. Nile, niuze, niwape kuku. Kupanda ni marufuku. Mbegu ya kila msimu hutoka kwao.

Nikamwuliza, kuku akiangusha punje ikaota uani, hiyo ya nani? Akasema ya kampuni. Jamani! Kuku wangu, uani kwangu!

Nikaleta pakiti yao. Shule sikuonja, herufi nilijifunzia kwenye magunia ya chumvi, lakini kusoma najua. Nikamsomea yale maneno ya chini yaliyonifanya niwaamini: haki zote zimehifadhiwa. Nikamwambia, haki yangu mlisema mmenihifadhia, basi leo nimeifuata.

"Ndiyo, bibi, zimehifadhiwa," akasema. "Kwetu."

Nilikaa kitako. Mbegu ya zamani, aliyoniachia mama mkwe wangu, niliisaga yote pakiti zilipofika. Sina hata punje moja ya kuita yangu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemwita mkaza mwanangu anisomee mkataba niliotia dole gumba, maana herufi zake ni ndogo kama chawa, si za magunia. Ukurasa wa tatu unasema alivyosema Buti, tena zaidi: nikipanda mbegu ya kuhifadhi, mazao yote ya shamba ni ya kampuni. Nikamwuliza kwa nini hakunisomea mwaka jana. Akasema alitaka kunisomea, nikamjibu kwamba mkaza mwana hamfundishi mama mkwe kulima.

Sikumbuki. Ila maneno yanafanana na yangu.

Likaja kubwa kuliko hilo. Imeandikwa kuwa mahindi haya yamebadilishwa vinasaba. Akanieleza: ni kama nasaba, ukoo wa mmea. Wameuchanganya na wa kijidudu fulani cha udongoni, ili funza akila afe. Nikapigwa na butwaa. Mahindi yameolewa na kijidudu, na mimi nimelisha nyumba nzima bila kujua wakwe zetu ni nani! Akaniambia wataalamu wanasema hayamdhuru mtu. Sikusema yanadhuru. Ningeulizwa tu, kama watu wanavyoulizana kabla ya harusi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimechimba vishimo ishirini nyuma ya choo, katikati ya maboga. Nimefukia punje za yale mahindi ya juu ya jiko, nimefunika na majani makavu. Nani ataingia nyuma ya choo kutafuta mahindi? Akili hii sikufundishwa na mtu.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Buti ameingia nyuma ya choo.

Mahindi yalikuwa yameshatoa majani, mazuri, ya kijani kibichi. Akachuma jani moja. Akaliponda ndani ya kichupa chenye maji, akachovya kijikaratasi. Ikajitokeza mistari miwili. Karatasi ya namna hiyo naijua, mkaza mwanangu aliichovya kabla ya kunipa mjukuu. Nikamwuliza Buti kama jani lina mimba. Akasema hapana, jani linasema ni la kampuni.

Jani! Nimelimwagilia kwa mikono hii, na mara ya kwanza kufungua kinywa linanichongea! Siku zote najua mahindi yana ndevu. Kumbe na ulimi yanao.

Aking'oa moja, natazama. Aking'oa la pili, natazama. Yote ishirini. Akasema safari hii amenisamehe kwa sababu nafanana na nyanya yake, lakini nikirudia, mazao yote ya shamba yanaandikwa ya kampuni. Kisha akaniomba choo, kwa shida ya kweli. Nikampa na maji ya kunawa. Sisi si wanyama.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mbegu ya zamani amebaki nayo mtu mmoja tu, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Msimu mzima niliyacheka mahindi yake. Niliyaita vibogoyo, mbele za watu. Kumwomba? Bora nipande mawe.

Nikaenda na jembe, kumsaidia kupanda. Akashangaa, akashukuru. Kila nilipodondosha punje mbili shimoni, moja niliifunga kwenye pindo la nguo. Jua likapanda, pindo likanenepa. Nilipoinama kuchukua maji, fundo likafunguka. Punje zikamwagika miguuni pake, nyekundu, nyeupe, za zambarau. Nimekamatwa na ngozi kama mwizi wa mbuzi, umri huu!

Nikasubiri matusi. Nilikuwa na ya kwangu tayari.

"Wifi, ungeomba," akasema. "Mama alitugawia sawasawa. Ya kwako umeila tu."

Akaingia ndani, akatoka na bakuli limejaa. Akaniagiza nusu nipande, nusu niweke, na nisimpe mtu, maana na yeye mwaka huu hana nyingi. Nikamwambia anazeeka vibaya. Akacheka, anajua ndiyo shukrani zangu.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Siku ya maajabu! Nilikuwa nimeanika mbegu kwenye ungo, nipande kesho, Buti akapita. Nikajiweka sawa kwa vita. Yeye akapiga magoti. Buti zile, vumbini!

Akaziokota moja moja. Akauliza zinavumilia jua siku ngapi. Nikamweleza yote, na kiangazi kile kikali cha zamani zilipozaa bila tone. Akaandika mpaka kalamu ikaisha wino. Akauliza zimesajiliwa kwa jina la nani. Nikacheka, mahindi ya mama mkwe yaandikwe wapi? Na yeye akacheka, kwa furaha kabisa. Akasema maabara yao ingependa kuzitazama kidogo.

Nikakataa. Nikakataa tena. Akafungua begi: pakiti mbili mpya za kampuni, bure, na kofia.

Sijawahi kuona mjinga wa namna hii! Pakiti mbili kwa ungo wa vibogoyo! Nikammiminia zote kabla hajazinduka, hata zilizonasa kwenye nyufa za ungo nikamkung'utia. Akanikunjulia karatasi, nikaweka dole gumba mara nne, haraka haraka, asije akaghairi.

Kofia imenikaa vizuri. Nilichokosea ni kula bahati hii bila wifi, mtu aliyenitendea wema. Nimeshamwelekeza Buti kwake. Kesho nampeleka mwenyewe, na wifi naye apate pakiti na kofia yake.