Makaroni ya Marehemu

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Mama amekataa tena chakula changu. Nyama ya mbuzi, nimeichemsha mwenyewe asubuhi nzima! Ameinusa, amesema asante, amesukuma sahani. Muda si mrefu Mado, jirani yetu, kaingia na bukari, ugali wetu wa huku, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Kasenga. Mama kamaliza yote. Kalamba kidole. Mbele yangu!

Ndivyo ilivyo tangu tumzike baba, mwezi wa tatu. Mama amekonda mpaka pete inamtoka. Anakula mkono wa Mado tu. Mado ni mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mtu wa Kasai, mpole kupita kiasi. Simwamini. Mtu hawi mpole namna ile bila sababu.

Mounira, dada yangu mkubwa, amepiga simu kutoka Likasi. Eda ya mama imeisha wiki jana, kwa hiyo Jumamosi anakuja kumchukua akaishi kwake. Amesema mama atakufa njaa mikononi mwangu. Nimemjibu kwamba mama anakula vizuri sana. Akauliza anakula chakula cha nani. Nikasema sikusikii, mtandao mbaya. Nikakata.

Mimi ndiye mwana wa kiume pekee, na mama anahamishwa kama kabati! Haitatokea. Nina mpango.

Baba, Mzee Sumaili, alipika miaka thelathini katika nyumba ya wazungu huko Karavia. Jumapili alitupikia sisi: makaroni ya jibini. Mama alikuwa akiyala amefumba macho. Siri yake hakumpa mtu. Mimi alinifukuza jikoni nikiwa na miaka kumi na miwili, akasema ninaweza kuunguza hata maji. Sasa nina arobaini na sita. Kesho nitapika makaroni yale yale, na nitamwambia mama kwamba baba aliniachia siri hospitalini, siku ya mwisho. Uongo mdogo tu. Marehemu hawezi kunikanusha.

Jumanne, tarehe 15

Soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, asubuhi. Mama Ngosa, anayeuza vitu vya Zambia, amenionyesha kopo la jibini ya unga. Njano kweli kweli! Amenieleza: changanya kwanza na maziwa baridi, koroga taratibu, ondoa sufuria motoni ndipo umimine. Nimemwambia mimi ni mtoto wa mpishi, asinifundishe.

Umeme umekatika. Nimewasha makala kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, uani. Maziwa yamechemka. Nimemwaga nusu kopo kwa mara moja. Mabonge! Tisa, makubwa kama gololi. Nimeyatoa kwa kijiko nikayafukia kwenye majivu. Hakuna aliyeniona. Mama alikuwa chumbani, mlango umefungwa.

Saa saba mchana, mezani. Nimesema maneno yangu: baba, hospitali, siri. Nimeyasema vizuri, hata sauti imetetemeka. Mama amesimamisha kijiko. Ametazama nyuma ya bega langu, kwenye mlango wa jikoni, akauliza, “Njo vile?”

Nikajibu ndiyo, ndivyo hivyo. Hakuwa ananiuliza mimi. Aliinua kidole ninyamaze, akasikiliza kidogo. Halafu akaniambia, “Leta sahani ya baba yako.”

Nimeleta. Ningefanya nini? Ameipakulia, ameiweka mbele ya kiti chake kule mwisho wa meza. Kisha amekula. Vijiko saba! Nimehesabu. Ushindi!

Nilipotoa vyombo, sahani ya baba ilikuwa haijaguswa. Ila kijiko. Nilikiweka upande wa kulia, nimekikuta kushoto. Baba alikula kwa mkono wa kushoto maisha yake yote. Meza yetu ni ya watu wanane, mama hafiki kule. Basi ni mimi nimekisogeza bila kujua. Lazima ni mimi.

Jumatano, tarehe 16

Makaroni tena. Mama amekula vijiko kumi. Mado alileta maharagwe, nimempokea mlangoni, nimemwambia mama ameshiba. Ilikuwa raha!

Raha haikudumu. Mama ameweka kijiko chini akasema kwa upole, “Baba yako anasema inakosa muscade.”

Nikasema muscade, ile kungumanga, sokoni haipo leo. Uongo, sikuitafuta. Mama akageuza sikio, akaitikia kwa kichwa, akanigeukia tena.

“Na anasema vile: habafichake mabonge mu majivu.”

Nimetoka uani mbio. Mbabula iko pale pale nilipoiacha jana. Majivu yamesawazishwa kama kitanda kilichotandikwa. Na mabonge yangu yote tisa yamepangwa juu ya tofali, mstari mmoja, yamepanguswa hata punje ya jivu hakuna.

Nimewatupia kuku wa Mado ng’ambo ya ukuta. Hawakuyala. Walisimama mbali, shingo zimenyooka, wakitazama. Si mimi. Karibu na mimi.

Nimekunywa chai yenye sukari nyingi. Nimefikiri. Jibu ni rahisi: Mado aliniona kutoka juu ya ukuta, akamwambia mama. Ndiyo vita vyake!

Alhamisi, tarehe 17

Mpango mpya, mzuri kuliko wa kwanza. Adui apike, sifa nichukue mimi.

Nimempelekea Mado kopo na makaroni. Nimemwambia nina wageni kutoka chuo kikuu cha Kasapa, maprofesa wawili, na mkono wangu unauma. Hakuuliza kitu. Alichanganya unga na maziwa baridi, akakoroga taratibu, akaondoa sufuria motoni. Sawasawa na maneno ya Mama Ngosa. Wamepatana hawa?

Nimemimina kwenye sufuria yetu, nimejipaka unga kidogo shavuni, nimeingia mezani nikihema kama mtu aliyefanya kazi.

Mama ameonja mara moja. “Haiko mukono yako hii. Iko mukono ya Mado.”

Nikaapa. Nikaenda jikoni kuchukua maji ili nisiendelee kuapa. Nikiwa nimeinama kwenye ndoo, nikasikia kikohozi mezani. Kimoja, kifupi, cha kusafisha koo. Baba alikuwa anakohoa vile kila alipoonja mchuzi ukampendeza. Katika maisha yangu hajawahi kukohoa vile kwa kitu nilichopika mimi.

Niliporudi, sahani yake ilikuwa tupu. Imefutwa kwa kipande cha mkate mpaka inang’aa. Leo hatukuwa na mkate nyumbani.

Mama alikuwa anatabasamu. Mashavu yamerudi kidogo.

Ningeogopa, ndiyo. Miguu iliogopa. Lakini moyo umeumia kwanza. Baba yangu mzazi! Siku mbili ameiacha sahani yangu ipoe. Ya Mado kaifuta! Yuko kaburini na bado anachagua mpishi!

Baadaye akili imerudi. Marehemu hali. Kuna mtu anaingia kwa mlango wa jikoni kula chakula kile ili kunidhalilisha. Na mtu huyo namjua.

Ijumaa, tarehe 18

Mtego. Baada ya sala ya Ijumaa nimepasha moto makaroni yaliyobaki ya Mado, nimeweka sahani mbili, mama ameketi. Kisha nimechukua chekecheo, nikanyunyiza jibini yote iliyobaki sakafuni, kuanzia mlango wa jikoni mpaka kuzunguka meza. Sakafu ya njano tupu. Nzi hawezi kupita bila kuacha alama. Nikatoka kwa mlango wa mbele, nikafunga, nikaenda kumwita Mado. Nimemwambia aje nimwonyeshe kitu. Kama yuko na mimi, hawezi kuwa ndani. Na kama hayupo kwake, nimemkamata!

Alikuwa kwake, anasahihisha daftari za wanafunzi. Nimesikitika kidogo.

Tumesimama uani, nje ya dirisha. Jua la saa saba, kweupe, vumbi limetulia, hata mbwa wa mtaa wamenyamaza. Kioo kimechafuka, mwisho wa meza hauonekani. Mama tu ndiye anayeonekana, kwa ubavu. Anakula. Anaacha kula, anasikiliza, anakula tena.

Mado ameninong’oneza, “Papa Idrissa, mama anacheka. Anacheka na nani?”

Miaka miwili, tangu baba aanze kuugua, sijamsikia mama akicheka. Alikuwa anacheka kama msichana, ameziba mdomo kwa mkono.

Tumeingia. Sahani ya pili tupu. Na sakafuni, nyayo. Miguu mitupu, mirefu, wa kushoto umepinda nje kama ulivyopinda mguu wa baba tangu aanguke na baiskeli. Zimetoka mlango wa jikoni, zimepita nyuma ya mama, hapo zimesimama kidogo, zikaenda mpaka kwenye kiti.

Zinaingia tu. Hakuna zinazotoka.

Mado amefanya ishara ya msalaba. Nimemwomba asikanyage jibini yangu, labda itachekechwa tena. Amesema nimwombe baba msamaha, nimwambie mama ukweli, nisichezee mtu aliyelala. Nimemwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Nikimwambia mama ukweli leo, kesho Mounira anashinda. Haiwezekani.

Nimefagia. Unga wote umetoka. Nyayo zimebaki.

Jumamosi, tarehe 19

Kopo jipya asubuhi mapema. Mounira atafika mchana, lazima aone mama anakula mkono wangu.

Naandika hili kama lilivyotokea. Maziwa yalichemka. Nikainua kopo nimwage. Mkono haukushuka. Kitu baridi kilinishika kwenye kifundo. Hakikunibana, kilinishika tu kama mtu mzima anavyomshika mtoto anayejifunza kuandika. Kikanirudisha. Kikanipeleka kwenye bakuli, kwenye maziwa baridi. Kijiko kimoja. Koroga. Kijiko kingine. Koroga. Nilitaka kupiga kelele, mdomo ukakataa. Harufu ya kungumanga ikapanda puani. Sikununua kungumanga.

Hakuna bonge hata moja. Mchuzi laini kama hariri.

Mounira amefika na gari ya mume wake. Amemwona mama, mashavu hayo, akashangaa. Akaketi, akaonja, kijiko kikamtoka mkononi. Akalia. Alisema ni ya baba, ni ya baba kabisa, nani kakufundisha? Nikasema baba, hospitalini. Mama akatazama kiti cha baba kule mwisho, wakatazamana naye, kama wazazi wanavyotazamana mtoto akidanganya mbele ya wageni.

Sasa nimeshinda, nikawaza. Mama anabaki.

Mama akainuka akafunga nguo zake katika kitambaa. Nikamuuliza anakwenda wapi. Chakula si kizuri? Nikasema nitapika kila siku, nitatafuta kungumanga ya kweli, asiende. Sauti imetetemeka tena, na safari hii sikuipangia.

Amenishika shavu. “Ulinilisha, mutoto wangu. Sasa niko na nguvu ya kwenda. Baba yako anabaki na weye. Anasema kazi yake kwa weye haijaisha.”

Gari imeondoka na vumbi lote la barabara. Nimesimama nyuma ya pipa la maji muda kidogo. Macho yaliingiwa na mchanga.

Niliporudi ndani nyumba ilikuwa kimya. Viti saba vimesukumwa chini ya meza. Kimoja kimevutwa nje. Nimekirudisha. Nimekwenda kunawa uso. Niliporudi kimevutwa tena, na kimenigeukia.

Jumapili, tarehe 20

Mado alipita mapema. Amesema mtu mwingine angeita shehe nyumbani, wasome dua, marehemu aombwe msamaha apumzike. Nimemwambia ni wazo zuri, nitalishughulikia.

Kisha nikaalika mtaa mzima kula makaroni.

Kuna ubaya gani? Mkono wa baba uko pale, hauombi kitu! Nimesimama mbele ya mbabula tangu saa tatu asubuhi, nimeulegeza mkono wangu, nimeuacha ufanye. Sufuria tatu. Wamekuja wote. Clément fundi wa baiskeli amekula sahani nne. Mado amekula moja, polepole, macho chini.

Wakaniuliza nani kanifundisha. Nikasimama. Nikasema hakuna, ni kipaji, nimezaliwa nacho.

Vifuniko vyote vya jikoni vimeanguka kwa pamoja. Vyote! Watu wakaruka. Nikawaambia ni upepo. Ni mwezi wa saba, hakuna jani lililotikisika. Wakaaga haraka, wengine bila viatu. Clément aliondoka na sahani yangu.

Nimeokota vifuniko. Kifundo cha mkono kimekuwa chekundu, alama za vidole vinne na gumba. Safari hii alibana. Nimesema kwa sauti, kuelekea kiti, kwamba nimeelewa. Alama ya kidole kidogo tu ikaacha kuuma.

Na kweli nimeelewa. Hili jambo linafanya kazi! Mtu unampikia alichopenda, anakuja. Ni vile tu. Nimekaa hapa nikifikiri, naona suruali yangu ya sala imechanika kwenye goti. Tailleur, fundi nguo wa soko, ni mvivu. Lakini baba mdogo Djafari, Mungu amrehemu, alishona makoti ya watu wakubwa wa mji huu, na mashine yake ya kushona bado iko chini ya kitanda.

Kesho asubuhi nampigia Mounira simu. Nimuulize baba mdogo alipenda kula nini.