Jiko la Korido ya Msawazo

Jumatatu ile ile Idara ya Msawazo ilipotangaza rasmi kwamba ifikapo Ijumaa hakutakuwa na kitu kinachotikisika nchini, aliingia mama mmoja tusiyemjua, kabeba sufuria pana, mafuta na jiko la gesi.

"Mwanangu, mimi ni mtafiti. Maabara yangu mmeifunga. Nifanyie wapi kazi?"

Nilikuwa karani wa wiki mbili tu pale Idarani na bado niliamini fomu. Nikamwandikia kibali cha kona ya korido, hadi Ijumaa jioni. Akamimina mafuta sufuriani, akawasha moto mdogo. Punde mafuta yakajigawa vyumba vya pembe sita, kama sega la nyuki.

"Nani kayapanga?"

"Joto linalopita. Linaingia chini, linatokea juu. Ukizima, yanatulia na sega linakufa. Nataka nilione siku ya tano."

Jumatano akaitwa hospitali. Dada yake anapasuliwa. "Usiache moto uzimike mpaka nirudi."

Nikaahidi.

Alhamisi Mkurugenzi alikagua utulivu. Feni zilikuwa zimefungwa kamba. Foleni ya wananchi koridoni ilikuwa haijasogea tangu juzi, akaipongeza. Kisha akaona sufuria.

"Mpangilio mzuri! Waziri ataupenda. Zima moto, bakiza mpangilio."

"Mzee, haviachani."

"Kijana, mimi nimezima migomo, sembuse jiko?"

"Nimeahidi, mzee."

Barua ya kunifukuza ilitoka kwa dakika nne, kasi ambayo kwa Idara yetu ni ukiukaji wa msawazo. Kibali cha kona, hata hivyo, kilibaki: kukifuta kulihitaji faili litembee, na mafaili yalikuwa yamekatazwa kusogea. Nikakaa sakafuni kama mwananchi. Gesi ilipoisha nikaleta mtungi wa nyumbani. Shangazi, ninayeishi kwake, akabaki bila moto, akala mkate mkavu.

Ijumaa Mkurugenzi alituma taarifa wizarani: "Msawazo kamili. Hakuna kinachoingia wala kutoka."

Wizara ilifurahi mno. Ikaleta wakaguzi wawili, wakagusa simu zilizonyamaza, wakaandika: "Imethibitishwa. Idara haina kazi iliyobaki." Wakabeba kiti cha Mkurugenzi na funguo za gari lake.

Mkurugenzi akatoka koridoni na kikombe chake. "Sasa nikalalamike wapi?"

"Panga foleni, mzee," alisema bibi wa mwisho kwenye mstari. "Ila haisogei. Agizo lako."

Jioni mama alirudi, macho mekundu kwa kukesha. "Dada kaamka," alisema, akainamia sufuria. Sega lilikuwa pale pale, linapumua. Akaandika kitu kwenye daftari, kisha akaniona nilipokaa.

"Na wewe umekula?"