Limozini Iliyopanda Ngazi

Jumatatu, 3 Machi

Waraka umefika kutoka Ofisi ya Leseni. Kuanzia leo, kila mwenye limozini au basi la kukodi ataweka kumbukumbu za safari kwa njia ya kielektroniki: dereva ni nani, ameanza lini, amepita wapi, amepumzika kiasi gani. Karatasi hazipokelewi. Karatasi! Mimi niliyejifundisha mwenyewe kuandika ombi lenye utangulizi, kiini na hitimisho, leo naambiwa nibonyeze kioo.

Kampuni ni ya familia: limozini moja, basi moja. Dada ndiye mwenye mali, mumewe ndiye dereva, nami ndimi ofisi. Kishikwambi cha kuandikia safari kimefungwa ndani ya limozini. Shemeji amechomeka humo kadi yake ya udereva, akaniambia kazi ni ndogo tu: safari ikianza bonyeza Anza, ikiisha bonyeza Maliza, kadi usiiguse. Nikamjibu kwamba maelekezo yake yamepokelewa na yatazingatiwa. Akasema, haya, mheshimiwa.

Mwishoni mwa waraka pana sentensi iliyoninyima raha: kumbukumbu zitaangaliwa wakati wa kuhuisha leseni. Basi letu liko gereji, limeshushwa giaboksi. Limozini haina mteja hadi Jumamosi ya wiki ijayo, Shemeji atakapompeleka binti yake mwenyewe, mpwa wangu, kwenye harusi. Hadi hapo, kumbukumbu tupu. Nani atahuishiwa leseni kwa utupu?

Jumatano, 5 Machi

Ng'ambo ya barabara ipo kampuni ya yule mama tunayemwita Mtaalamu. Limozini yake imetoka asubuhi, imerudi, imetoka tena. Leo ameniuliza kwa sauti, wapita njia wakisikia, kama gari letu linaatamia mayai.

Nimetafakari. Nimepata ufumbuzi! Kishikwambi huandika mahali kilipo chenyewe. Hakijui kama kimo ndani ya gari au la. Nimekichomoa, kadi ikiwa humo humo, nikabonyeza Anza, nikakitia mkobani. Kwa mujibu wa kumbukumbu, limozini yetu sasa iko barabarani. Shemeji yuko juu ya paa la nyumba yake anaziba mabati yanayovuja. Sikuona sababu ya kumteremsha.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi nzito, lakini ya heshima. Limozini imekwenda sokoni. Imekwenda kwa kinyozi na kungoja zamu. Imevuka daraja la waenda kwa miguu, ngazi zote, ikatua kidogo katikati kwa sababu ya goti langu. Jioni imehudhuria mazoezi ya kwaya. Maliza sijabonyeza tangu juzi: gari lililo kazini mfululizo ndilo litakalomvutia afisa. Usiku kishikwambi hulala chini ya mto wangu, kikiwa safarini.

Mtaalamu alinikuta darajani nikihema. Akauliza nakimbizwa na nani. Nikamjibu kwamba nimo katika shughuli za kiofisi.

Jumatatu, 10 Machi

Msiba. Hakuna aliyekufa, lakini sina neno jingine.

Kadi ya Shemeji imefungiwa. Ujumbe ulimfikia yeye, si mimi, maana kumbe kumbukumbu huandikwa kwa jina la mwenye kadi. Ofisi inamtaka aeleze: kwa nini ameendesha tangu Jumatano bila kulala, kwa nini alipandisha limozini ngazi za daraja, na alikuwa akifanya nini nayo ndani ya duka la kinyozi. Mpaka aeleze, asiguse usukani wa gari lolote la abiria, na limozini isitoke.

Na harusi ni Jumamosi!

Shemeji alikuja ofisini, simu mkononi. Hakufoka, afadhali angefoka. Aliniuliza tu, shemeji yangu, mimi nimekukosea nini? Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikafungua kinywa, yakatoka maneno kwamba suala hili litashughulikiwa kwa maandishi. Dada, aliyesimama nyuma yake, akasema yeye hataki maandishi, anataka mwanawe apelekwe na babake kama alivyoahidiwa tangu akiwa darasa la kwanza. Kisha akauliza ni nani katika ukoo huu anayenyolewa kwa kinyozi yule.

Nikavaa kofia.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika ombi. Nakiri kwamba ukweli ungetosha katika sentensi moja: kishikwambi kilikuwa mkobani mwangu. Lakini sentensi moja haina hadhi mbele ya ofisi. Tena ingenitaja.

Badala yake nimemsifu Shemeji. Nimeeleza kwamba mtumishi huyu hajui maana ya mapumziko. Kwamba tangu ajiunge nasi hajapata kuyaomba wala kupewa. Na kwamba hapana mahali, pawe pembamba namna gani, ambapo yeye hawezi kupitisha gari. Nilipolisoma kwa sauti, machozi yalinilenga. Nikalituma.

Alhamisi, 13 Machi

Jibu limekuja upesi. Miaka yote ya kuandika maombi, sijapata kujibiwa upesi hivi! Ofisi inaishukuru kampuni kwa kuthibitisha tuhuma zote. Kadi itabaki imefungwa, na Shemeji aitwe kuhojiwa Jumatatu.

Jumatatu! Baada ya harusi.

Dada alinipigia simu. Alisema wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini hawakuniona mimi, ambaye mdomo ni wangu na kichwa ni cha mumewe.

Nilimkuta Shemeji uani, anaing'arisha limozini ambayo haendi nayo popote. Rimu, vioo, mpaka ndani ya vitasa. Nikachukua kitambaa nimsaidie. Akanipokonya taratibu, akasema, acha tu, umeshafanya mengi.

Jumamosi, 15 Machi

Mtaalamu ametoa limozini yake na dereva wake, akasema hiyo ndiyo zawadi yake kwa bibi harusi. Kwangu hakusema neno. Nilitamani hata lile la mayai.

Ndani ya gari niliketi nikiwatazama bibi harusi na babake uso kwa uso. Mpwa wangu alikuwa amependeza mno. Babake alikaa pembeni yake katika suti aliyoshonesha kwa ajili ya kuendesha, na kila tulipofika kona, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kutafuta breki. Binti alimshika mkono, akamwambia, baba, tulia, leo wewe ni abiria wangu. Shemeji akacheka. Kisha akageukia dirishani, akakaa hivyo mpaka tukafika.

Nilijuta. Neno hilo naliacha lilivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefuatana nao Ofisi ya Leseni, nimeshika hotuba yangu. Afisa, mwanamke mmoja mchangamfu, alimuuliza Shemeji aliwezaje kugeuza limozini juu ya daraja lile. Dada akanitazama.

Nikasema kishikwambi kilikuwa mkobani mwangu.

Basi. Hata utangulizi haukuwepo. Afisa alicheka mpaka akavua miwani, akaniita dereva wa mkoba, akampa onyo la kampuni Dada atie sahihi, akaifungua kadi pale pale. Kwa nini sikusema hivyo Jumatatu iliyopita? Nilijiuliza njia nzima. Hakuna mwingine aliyeniuliza. Waliketi mbele, nami nyuma.

Jumatano, 19 Machi

Shemeji anahamia kwa Mtaalamu. Amekuja kuniaga kwa adabu zake zote. Alisema hana kinyongo, ila anataka mahali ambapo dereva akiwa juu ya paa, anaandikwa yuko juu ya paa. Dada amekubaliana naye. Salamu zangu bado haitikii.

Ofisi ni kimya. Nimekaa nikifikiri namna ya kumfidia mtu mwema niliyemnyima siku ambayo hairudi tena. Mwishowe nikaona njia. Barua ya mapendekezo! Hakuniomba, lakini wema hauombwi. Nimemwandikia Mtaalamu, nakala kwa Ofisi ya Leseni, ili wote wajue wamempata dereva wa aina gani. Nimeeleza, bila kutia chumvi hata kidogo, kwamba katika barabara zote za mji huu huendesha gari akiwa amefumba macho.

Imeshakwenda.