Malalamiko Kuhusu Nyuzi Pacha za Mandolini

Walukuba, Jinja
Juni 1996

Kwa Mwalimu Jasumati, kiongozi wa okestra yetu ya mandolini.

Mama Mwalimu,

Natumaini umekwisha kunywa chai, maana yafuatayo ni machungu. Mimi Bakhit, sajenti mstaafu wa stoo ya magereza na mpiga mandolini wako, nalalamika kuondolewa kwenye kiti changu cha mbele, na Jumamosi tunapiga katika harusi ya binti yangu Madina kule Nakaloke. Wakwe nimeshawatangazia. Uso wangu nitauweka wapi?

Hoja zangu:

1. Mandolini ina nyuzi nane, lakini zimefungwa mbilimbili, na kila jozi hutoa sauti ileile moja. Stoo yangu haikuwahi kutoa sufuria mbili kupikia uji mmoja. Nikaondoa uzi mmoja katika kila jozi ya mandolini yangu. Hukusema neno.

2. Ulikasirika nilipozifanyia vivyo hivyo mandolini zote za kikundi, pamoja na ile kubwa inayonguruma. Eti nimeharibu. Jamani, nimeweka akiba. Akiba ya kazi gani, hapo sijafikiria bado.

3. Badala ya shukrani, nimepewa kazi ya kubeba viti. Afande mzima.

4. Ukitaka kuona ubadhirifu, tazama Harpreet na Norman. Wamekaa bega kwa bega, wanapiga wimbo uleule. Wawili wa nini? Norman aende nyumbani. Kwa hesabu hiyohiyo wengine nao waende, abaki mpigaji mmoja. Kwa unyenyekevu, najitolea.

Naomba kiti changu kabla ya Jumamosi.

Wasalimie wote, hata Norman, na paka wako anayelala ndani ya kasha la mandolini.

Wako mtiifu, ingawa nimenuna,
Bakhit, Sajenti (Mstaafu)

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimpigia Madina wimbo wake wa harusi, kwa nyuzi zangu nne. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Baba, huu ni wa harusi au wa matanga?" Mama yake, Kulusumu, alicheka mpaka akakaa chini. Nikazirudisha nyuzi nilizoondoa, nikapiga tena. Hakuna aliyecheka. Kulusumu aliacha maharage yakaungua, Madina akalia, na mimi, naona haya kusema, nikalia pia. Basi hoja zote hapo juu zifute. Nyuzi za wenzangu zimo humu. Viti nitabeba mwenyewe mpaka Nakaloke. Nakuomba tu uniachie kimoja nikalie, hata nyuma ya Norman.