Kamati ya Mhusika Mpendwa

Natangaza rasmi, kwa mamlaka niliyopewa na mengine niliyojiongezea, kwamba Kamati ya Uhakiki wa Wahusika Wapendwa imemaliza kazi kwa mafanikio ya asilimia mia moja. Mwenyekiti nilikuwa mimi, Ambrosi. Atakayetaka kucheka, aandike barua kwanza.

Jambo lilianza pale Mwalimu Verediana, mstaafu na mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, alipokuja ofisini kwangu Iringa, ambako ni mwenyekiti wa vibali vya vitabu vya shule, kuomba kibali. Alikuwa ameandika riwaya ya vita, ya kuchekesha, na sekondari ya kijijini kwake ilitaka kuisoma. Bila saini yangu, nakala mia mbili zingebaki stoo zikitagiwa mayai na kuku.

"Kamwene, mwenyekiti," akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Barua yako haikupitia kwa mtendaji wa kata. Rudi."

Akarudi. Safari ya pili haikupitia kwa afisa tarafa. Safari ya tatu alikuja na mfuko wa vitunguu. Nikamweleza kwamba mimi sipokei rushwa, aviweke tu kwenye buti ya gari.

Basi nikaisoma. Jamani, nilikolea! Jenerali Eliezeri anaongoza vita akiwa ofisini, kajifunika blanketi, miguu kaielekeza kwenye jiko la mkaa. Adui anamwandikia kwamba atashambulia alfajiri. Jenerali anairudisha barua: haikupitia kwa wakubwa wake. Alfajiri anatekwa pamoja na blanketi, bado anadai nakala ya jalada. Nilipigia mstari ukurasa mzima. Huyo ndiye kiongozi!

Kasoro ilikuwa mpishi wake, Obeid. Yeye anawaona maadui wakija, anajitwika sufuria la makande na kuwatoa askari wote kwa njia ya nyuma, wazima.

"Huyu mtoro," nilimwambia mwalimu. "Mhusika mpendwa awe Jenerali. La sivyo, kibali hupati."

"Siwezi kumpangia msomaji wa kumpenda, mwenyekiti. Twende ukawaulize wanafunzi."

"Na wakimchagua mpishi?"

Riwaya ile ilikuwa imemla miaka sita. "Basi vichome vitabu vyote," akasema. "Kiberiti nitaleta mwenyewe."

Nikaunda kamati, tukateremka Ruaha Mbuyuni. Wanafunzi walikuwa wamesomewa kitabu chote darasani, kwa kibali cha muda nilichotoa mimi. Wakapiga kura. Mpishi alipata tatu. Zote zilizobaki, Jenerali!

Nilisaini kibali palepale mbele ya wazazi, nikakigonga muhuri, nikamkabidhi mwalimu. Alifuta machozi. Nilidhani anatubu.

Sasa mimi na kipaza sauti, nani angeninyang'anya? Nikamwinua binti wa kidato cha tatu, Eveline. "Hebu mwanangu, waeleze wageni. Kwa nini mnampenda Jenerali?"

"Shikamoo mzee. Kwa sababu anachekesha. Mpishi tunamheshimu, lakini Jenerali akifungua tu mdomo, mbavu hatuna."

"Anachekesha wapi?" nikauliza kwa ukali. "Yeye si alifuata utaratibu?"

Ukumbi ukalipuka. Wazazi wakagonga madawati. Mkuu wa shule akainama chini ya meza, ati anatafuta kalamu. Dereva wangu, mtu ninayemjazia fomu ya likizo, alitoka nje akiwa kajishika tumbo. Nilitamani kukinyakua kile kibali, lakini mwalimu alishakikunja na kukifunga kwenye pindo la kitenge.

Eveline peke yake hakucheka. Alinitazama kwa adabu zote.

"Rudia tena, mzee. Wa nyuma hawajasikia."