Kiapo cha Mkate na Breki za Bibi Burulcha

Kerimkul hakujua chochote kuhusu magari, na kazi yake ilikuwa kuyakagua.

Kila asubuhi alisimama kwenye lango la soko la magari la Bishkek, koti lake la ngozi likimeta kama mgongo wa mende, mkononi kashika mashine ya kupimia presha ya damu aliyoachiwa na marehemu shangazi yake. Likitokea gari kubwa la familia, watoto wamebandika pua kwenye vioo, alilikimbilia akipaza sauti: "Suyunchu! Suyunchu!"

Kwetu neno hilo halipuuzwi. Anayelisema kakuletea habari njema, na habari yenyewe haitoki kinywani mpaka umempa kitu: noti, kitambaa, kuku, chochote ulicho nacho. Baba wa familia angejipapasa, angetoa, halafu angeuliza, "Enhe, habari gani, ndugu yangu?"

"Habari njema ni kwamba bado mko hai," Kerimkul angejibu kwa sauti ya msibani. "Nimeliona gurudumu lako la nyuma. Hebu nilipime."

Kitambaa cha mashine kingefungwa kwenye tairi, mpira ungebonyezwa fyu, fyu, fyu, na sindano ingesema lolote ambalo Kerimkul ameamua iseme. Mama wa familia akianza tu kusoma dua, kazi imekwisha. Kerimkul alimimina kikombe cha maji ya buluu mahali fulani chini ya boneti, akachukua chake, akawatakia safari njema. Magari yaliondoka kama yalivyokuja. Pochi tu ndizo zilizopungua uzito, jambo ambalo, kama alivyopenda kusema, hupunguza ulaji wa petroli.

Lakini Alhamisi ile ya Oktoba mjanja wetu alikuwa na lake rohoni. Alikuwa amechumbia Talas, ng'ambo ya mlima, kwa mzee Asankul, dereva wa malori mstaafu. Katika kujipamba ukweni alisema ana gari la safu tatu za viti, gari la kubeba ukoo. Mzee alimtazama kitambo, akasema:

"Vizuri. Jumamosi uje nalo. Sisi wazee saba tutavuka mlima ndani yake kwenda kwenye karamu. Usipokuja nalo, binti yangu Begimay hajakosa wachumba. Kuna mmoja ana farasi ishirini."

Sasa, gari halisi la Kerimkul lilikuwa kijigari cha milango miwili alichorithi kwa mjomba wake, mtu aliyekuwa akibadilisha oili kwa uaminifu kama wengine wanavyoswali. Wazee saba wangeweza kuenea mle, lakini kwa vipande.

Ndipo, kwenye saa nne hivi, likatokea. Jeupe, refu, pana, viti vinane, vumbi la safari limelipaka hadi kwenye paa. Nyuma ya usukani, juu ya mito miwili, alikaa bibi mdogo mwenye kilemba cha maua. Gari lilikuja kwa mwendo wa kobe, likakunja kando ya lango, likapanda kijilima cha kokoto na kusimama lenyewe kama ng'ombe aliyechoka. Bibi akashuka haraka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Mtu yeyote wa soko lile angejiuliza kwa nini gari lisimamishwe kwa kupandishwa kilima. Kerimkul aliona viti vinane tu.

"Suyunchu, bibi!"

Bibi, ambaye jina lake ni Burulcha, alimpa kidonge kimoja cha maziwa makavu, kigumu kama kokoto. "Sema, mwanangu."

"Uko hai! Lakini kwa bahati tu. Breki zako zimekufa."

"We! Umejuaje, na hata hujainama?"

"Nasikia, bibi. Breki hai zinapumua." Akalifunga tairi kitambaa, akabonyeza, akaguna. "Afadhali ungekuwa umekaa. Matairi vipara. Ukikutana na theluji utateleza kama sabuni ya msikitini. Shokomzoba zimelala usingizi wa milele."

Bibi aliitikia kwa kichwa kila neno. "Kweli tupu. Na ile paipu ya breki ya nyuma kushoto, haivuji?"

"Inavuja, bibi! Nilikuwa nakuficha kwa sababu ya moyo wako."

"Na mafuta ya breki, hayajaingia maji?"

"Maji? Mle unaweza kufuga samaki!"

"Mungu wangu, kijana una jicho," alisema Bibi Burulcha, akajifuta kona ya jicho lake mwenyewe. "Sasa mjane kama mimi nifanye nini?"

Kerimkul aliuweka mkono kifuani. Pale ndipo ulipolala ujuzi wake wote. "Ugonjwa wangu ni huruma, bibi. Niachie mimi jeneza hili, nitalichinja liende vipuri. Wewe chukua kijigari changu kile. Kidogo, lakini mtu unafika nyumbani."

Bibi akakiendea kijigari. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakinusa. Akabonyeza kila tairi kwa dole gumba. Kisha, na umri wake wote ule, akalala chini na kuchungulia uvunguni. Kerimkul alidhani ameangusha hereni.

"Sawa," alisema bibi akijikung'uta. "Ila mimi mtu wa kizamani. Uape mbele ya shahidi, juu ya mkate, kwamba breki za gari langu zimekufa na kwamba unalichukua ukijua."

Jasho likamtoka mjanja wetu. Alikuwa amewahi kudanganya polisi, madaktari na mganga mmoja wa mifupa, lakini mkate hakuwahi. Mkate kwetu hauwekwi juu chini, haukanyagwi hata chembe yake, na anayeapa uongo juu yake, mkate humpiga. Wengine hupofuka. Jirani ya mama yake alipooza taya, na alikuwa amedanganya kuhusu bata tu.

Toktosun, muuza sambusa wa langoni, akaleta mkate wa moto kutoka kwenye tanuri lake. Kerimkul akamfikiria Begimay. Kisha akawafikiria farasi, mmoja mmoja, mpaka ishirini.

"Mkate unipige nikisema uongo," akasema, mkono juu ya ule mduara wa moto. "Breki za gari hili zimekufa, nami nalichukua nikijua."

Akafumba macho, akasubiri. Mkate ukatulia pale, unanukia. Hakupofuka. Akajaribu taya: linafunguka, linafunga. Kumbe, akawaza kwa furaha kubwa, hata mkate unadanganyika!

Wakainua viganja, wakapangusa nyuso kwa baraka, wakabadilishana funguo. Kerimkul akapanda kitini juu kule kama mfalme, akaona mito miwili, akaitupa nyuma. Akakumbuka jiwe. Akashuka, akalipiga teke, akapanda tena.

Gari likaanza kuteremka kinyumenyume. Akakanyaga breki. Mguu ulizama hadi sakafuni kama umekanyaga uji.

Akakanyaga tena. Uji.

"Pisheni!" akapiga kelele, na honi nayo, kwa bahati, ilikuwa kitu pekee kilichofanya kazi sawasawa. Watu wakapisha. Magunia ya vitunguu, ambayo hayana miguu, hayakupisha. Lile gari likazama ndani yake kwa kishindo laini, kama mtu mnene anapoketi, na gunia moja likapasuka juu ya paa.

Hapo ndipo Kerimkul alipoelewa kwa nini mkate ulinyamaza.

Alitoka akilia. Vitunguu vilisaidia, lakini havikufanya kazi yote. "Bibi! Umenitapeli!"

"Mimi?" Bibi Burulcha aligeuka. "Toktosun, hapa nani kaapa?"

"Yeye," alisema Toktosun. "Juu ya mkate wangu. Kasema breki zimekufa. Mkweli sana, sikutegemea."

"Tangu Jumatatu kila mnunuzi namwambia ukweli wa gari hili, na kila mmoja anakimbia," bibi akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ukweli wangu mwenyewe, neno kwa neno, na bado ukalitaka. Mimi ni nani nikukatalie?"

Soko zima lilikuwa limekusanyika. Kerimkul akakaa juu ya gunia, akashika kichwa, na kwa mara ya kwanza akaeleza jambo bila kulipaka rangi: Jumamosi, wazee saba, Begimay, farasi ishirini.

Bibi Burulcha alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, "Suyunchu, mwanangu."

"Usinitanie, bibi."

"Suyunchu."

Macho mia moja yalikuwa yakimtazama. Mila ni mila. Akavua koti la ngozi. Bibi akalivaa palepale, lilimfika magotini.

"Habari njema ni hii: miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkaguzi wa breki kwenye gereji ya mabasi. Gari hili mifupa yake mizima. Lilichokosa ni vipuri, na mgongo wa kulala chini, maana wangu umegoma." Akamtazama Kerimkul kuanzia shingoni hadi kiunoni. "Mgongo sasa nimeupata."

Basi Alhamisi mchana kutwa na Ijumaa yote, mkaguzi mashuhuri wa magari alilala uvunguni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Saa yake ya dhahabu ilikwenda kununua pedi na paipu. Kwa haki kabisa, saa ile haikuwa ya dhahabu, kwa hiyo pete ilibidi iifuate. Suti ya harusi ikageuka matairi manne. Bibi alikaa juu ya gunia ndani ya koti, sambusa mkononi, akitoa amri.

"Nati hazikazwi kwa kuzunguka kama kondoo malishoni! Kaza hii, halafu ya mkabala wake. Ehe. Toa hewa kwenye breki mpaka pedali iwe ngumu kama moyo wa mkwe wako. Na nisikilize: gari refu halipendi hasira kwenye usukani, litakulalia ubavu. Mzigo mzito weka chini, si juu ya paa. Mlima ulioupanda kwa gia ya pili, uteremke kwa gia ya pili. Breki si za kukalia. Ukizikalia, zitaiva, na zikiiva utaniona mimi ndotoni."

"Na mikanda ya viti, bibi?"

"Viti vinane, mikanda minane, watu wanane. Hesabu hiyo hata farasi anaijua."

Jumamosi alivuka mlima peke yake, theluji imekaa kileleni, mikono miwili kwenye usukani, amevaa shati tupu na kucha nyeusi. Alifika Talas akitweta kama aliyelisukuma.

Wazee saba walikuwa tayari nje. Walikuwa pia wamepata wenzao wanne, na kondoo.

"Tutabanana!" alisema mjomba wa Begimay, mzee mwenye kofia ndefu ya sufu, akiwa tayari ameshamwingiza kondoo mguu mmoja. "Mimi nitampakata mzee Osmon. Kondoo akae katikati."

Kerimkul wa Jumatano angesema karibuni, wazee wangu, na kuongeza mbuzi. Kerimkul wa Jumamosi aliukumbuka ule uji chini ya mguu wake. Akamwona bintiye mzee mlangoni, amekunja mikono, anatazama.

"Haiwezekani, mjomba."

Hata kondoo alimgeukia.

"Umesemaje?"

"Mkanda mmoja, mtu mmoja. Wazee saba na dereva. Kondoo hana mkanda." Sauti ilimpasuka. "Mkikataa, nitarudi mtupu, hata kama... hata kama nitakosa nilichokifuata."

"Mchumba gani huyu anayewashusha wazee!" mjomba akafoka. "Kaja na shati, ananuka vitunguu, halafu anatupangia! Asankul, yule wa farasi yuko wapi?"

Mzee Asankul alimtazama binti yake mlangoni. Begimay akaitikia kwa kichwa mara moja, kidogo tu. Mzee akalizunguka gari, akapiga tairi teke, akamsogelea Kerimkul uso kwa uso.

"Suyunchu," akasema.

Kerimkul akajipapasa. Koti, Bishkek. Saa, Bishkek. Pete, Bishkek. Mfukoni hamkuwa na kitu ila kile kidonge cha maziwa makavu, na hicho alikuwa amekiuma njiani, kikamshinda. Mkononi alikuwa na ufunguo. Aliutazama kama anavyotazamwa ndugu anayekwenda vitani, akautoa.

"Habari njema," alisema mzee, akiuweka ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, "ni kwamba Begimay alisema jana: akimpandisha hata mmoja wa ziada, simtaki. Mwenye farasi ishirini naye tulimjaribu, na gari lake. Aliwapandisha wote, na kondoo wawili." Akafungua mlango wa dereva. "Amekukubali. Ingia nyuma, mkwe. Nami nashukuru kwa gari."

Hivyo ndivyo mtu aliyechuma miaka kumi kwa neno moja alivyovuliwa kila kitu kwa neno lilelile, akabaki anacheka mwenyewe kama mwendawazimu, amefungwa mkanda kiti cha nyuma kabisa, kati ya mjomba aliyenuna na mzee Osmon aliyeanza kukoroma kabla ya injini kuwaka.

Kwenye mteremko mkali mzee Asankul alishusha gia, akagusa breki kidogo kwa ncha ya kiatu. Gari zima likatii, kimya, bila kuyumba. Akagusa tena, kwa raha tu. Aliyeendesha malori mlima ule miaka arobaini anaujua mkono wa fundi.

"Mkwe!" akaita. "Breki hizi kafunga nani?"

"Mimi, baba."

Wazee wote saba wakaangua kicheko, hata Osmon aliamka ili acheke, na mjomba akampiga Kerimkul kofi la bega na kusahau kununa.

"Asankul, mpe tu mtoto!" akasema akifuta machozi. "Eti kafunga yeye! Kijana huyu ana kila kitu. Hata uongo anajua!"